Ugonjwa Uliojificha Ndani ya Nyama ya Kizazi

Hotuba kwa wanafunzi wa kike wa chuo cha ualimu, Tanga

Asalaam alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Na nyinyi mlioko kule nyuma karibu na mlango, habari za mchana. Sogeeni mbele, sing'ati. Mkuu wa chuo ameshawataja wakubwa wote, kwa hiyo itifaki naiacha palepale alipoiacha, niingie kwenye lililonileta.

Mama matroni aliponipigia simu aliniomba nije kuzungumzia "afya ya uzazi". Nikamwambia, mama, hiyo ni bahari, tukiiingia yote tutatoka hapa usiku wa manane. Nipe kitu kimoja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi zungumza juu ya hawa wanaoanguka mstarini." Akanihesabia. Muhula uliopita wasichana watatu walidondoka asubuhi kwenye mstari, wote wakiwa mwezini. Wote walipelekwa zahanati, na wote walirudi na vidonge vya maumivu pamoja na maneno yaleyale: ni chango, ukizaa litakwisha.

Chango. Sote tumelelewa na neno hilo. Bibi yangu alikuwa na mizizi yake ya chango aliyoichemsha kwenye chungu kisichopikiwa kitu kingine, na sina ugomvi na bibi. Ugomvi wangu ni kwamba chango ni jina la maumivu, si jina la ugonjwa. Ukiniambia una chango umenionyesha panapouma, hujanieleza kwa nini panauma. Nyuma ya neno hilo moja wamepanga foleni watu tofauti kabisa. Yupo ambaye tumbo linamsokota siku moja, anakunywa kidonge, kesho anacheza netiboli. Huyo ni mzima. Yupo mwenye faibroidi, ule uvimbe wa nyama ya kizazi. Yupo mwenye endometriosisi, ambaye utando kama wa ndani ya kizazi umemwota nje ya kizazi. Yupo mwenye maambukizi. Na yupo mwenye adenomayosisi, ambaye ndiye nimekuja kumsemea, kwa sababu ndiye anayesahaulika zaidi akiwa msichana.

Niwaeleze ni kitu gani. Kizazi cha msichana ambaye hajazaa ni kama peasi dogo, urefu wake sentimita 7 hivi. Ukuta wake ni nyama nene, na ndani kabisa kuna utando laini. Utando huo ndio unaojijenga kila mwezi ukisubiri mimba, na mimba isipokuja unabomoka na kutoka kama hedhi. Mpaka hapo mlishafundishwa sekondari. Sasa katika adenomayosisi vipande vya utando ule vinakutwa mahali ambapo havikupaswa kuwapo: ndani ya nyama yenyewe. Vimezama huko. Na kila mwezi, mwili unapotoa amri, navyo vinavimba na kuvuja damu kama wenzao wa ndani, ila damu yao haina mlango. Nyama inayovizunguka inakasirika, inatutumka, inakaza. Kizazi kinaumuka kama unga wa maandazi uliosahauliwa juani.

Nilipokuwa mwanafunzi wa udaktari, mwalimu wetu alikikata mbele yetu kizazi cha mama mmoja aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa kukitoa. Nilitarajia kuona uvimbe. Hakukuwa na uvimbe. Kulikuwa na ukuta mnene kuliko kawaida, na ndani ya ukuta vitundu vidogo vidogo, vingine vikiwa na tone la damu nyeusi. Mimi mtu wa pwani, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni mkate wa kumimina ulivyo ukishaukata, vile vishimo vyake. Samahani kwa wanaoupenda. Mimi mwenyewe niliacha kuula mwezi mzima.

Picha hiyo ishikeni, kwa sababu inaeleza kwa nini ugonjwa huu ni mgumu kuuondoa. Faibroidi ni kama kokwa ya embe: ina mpaka wake, daktari mzuri anaichomoa na nyama inabaki. Adenomayosisi ni kama samli uliyokwisha kuikanda kwenye unga wa chapati. Utaitoaje?

Sasa kwa nini tuliambiwa kwamba huu ni ugonjwa wa akina mama wa miaka 40 waliozaa watoto wanne? Hapa pana kisa ambacho mimi kinaniudhi mpaka leo. Aliyeueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza ni Carl von Rokitansky, daktari wa Vienna, mwaka 1860. Mwaka 1908 Thomas Cullen wa Baltimore, Marekani, akauandikia kitabu kizima. Jina tunalotumia leo lilitolewa na Oskar Frankl mwaka 1925. Wote hao waliuona ugonjwa kwa njia moja: kizazi kimekwisha kutolewa, kiko mezani, kimekatwa, kinatazamwa kwa hadubini. Hakukuwa na njia nyingine. Haya, niambieni nyinyi walimu watarajiwa: nani anatolewa kizazi? Si msichana wa miaka 19. Anatolewa mama aliyekwisha kuzaa, mwenye miaka 40 na zaidi. Basi kila kilichofika mezani kilikuwa cha mama wa miaka 40, na vitabu vikaandika kwamba ugonjwa ni wa mama wa miaka 40. Ni sawa na mtu anayekaa stendi jioni tu, halafu akaandika kwamba mji huu hauna basi la alfajiri.

Utrasaundi nzuri na MRI, ile mashine ya kupiga picha kwa sumaku, zilipokuja ndipo tulipoweza kutazama kizazi kikiwa bado tumboni mwa mwenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya wanawake 156 wenye umri wa miaka 18 hadi 30 ambao hawakuwahi kushika mimba. Walikuta dalili za adenomayosisi kwenye utrasaundi za 53 kati yao, yaani theluthi moja. Nisiwatishe: dalili kwenye picha si sawa na ugonjwa unaomlaza mtu, na wapo wenye dalili hizo wasiohisi chochote maisha yao yote. Lakini ile hoja ya kwamba msichana hawezi kuwa nao ilikufa siku hiyo. Mwaka huohuo wataalamu wa utrasaundi wakaafikiana ni vitu gani hasa vya kutafuta kwenye picha, na mwaka 2022 wakavipitia upya. Kwa hiyo mpimaji akikwambia "kizazi kiko sawa", una haki ya kumuuliza kwa adabu: na ukuta wake umeutazama?

Nije kwa madhara makubwa, maana ndiyo kichwa cha habari. Nitasema neno "nadra" mara nyingi, na ni nadra kweli. Wengi wenye adenomayosisi watasumbuliwa na maumivu na damu nyingi, watapata dawa, watazaa, watazeeka. Lakini nadra si hadithi. Nadra maana yake inampata mtu, na mtu huyo ana jina na kitanda bwenini.

Nianze na lililo la karibu zaidi, ambalo hata si nadra likiachwa. Miaka kadhaa nyuma aliletwa kwangu msichana wa miaka 19. Alikuja na shangazi yake. Alikuwa amevaa pedi mbili, juu yake kanga iliyokunjwa, juu yake kanga nyingine, na ya tatu amejifunga kiunoni ili ikitokea isionekane. Kabla ya kukaa kwenye kiti changu alitandika mfuko wa nailoni. Mfuko ule ulinieleza mengi kuliko historia aliyonipa: huyu alishachafua viti vya watu, alishaona aibu, akajifunza. Shangazi ndiye aliyezungumza. "Daktari, ni chango tu, hata mama yake alikuwa hivi." Nilimfunua kope la chini: jeupe kama ganda la yai. Moyo unapiga mara 128 kwa dakika naye amekaa. Wingi wa damu, gramu 4.6 kwa desilita. Kwa mwanamke asiye na mimba tunataka 12 na kuendelea.

Kinachoniuma ni kwamba hakuwa mgeni kwangu. Nilipofungua jalada nikakuta mwandiko wangu. Alikuja miezi saba kabla, analalamika maumivu ya hedhi, nami nikampa dawa ya maumivu, sikupima damu, sikumuuliza anabadilisha pedi ngapi. Niliandika maneno mawili, na mojawapo lilikuwa "kawaida".

Damu ikishuka hivyo, moyo unafanya kazi ya mioyo miwili. Unasukuma kilicho kidogo kwa kasi, ukitumaini kitatosha, na usiposaidiwa unachoka. Miguu inavimba, mtu hawezi kulala bila mito mitatu, anahema kama amekimbia. Huko ni kushindwa kwa moyo kwa msichana ambaye moyo wake hauna kasoro yoyote. Tukamwongezea damu taratibu, maana kuimimina haraka kwenye moyo uliochoka nako ni hatari. Na mkumbuke hapa kwetu tunaanzia chini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta karibu wanawake 45 kati ya kila 100 wa Tanzania, wa miaka 15 hadi 49, wana upungufu wa damu wa kiwango fulani. Msichana akiwa tayari ana 10 kwa sababu ya lishe na malaria, hana akiba ya kupoteza.

Mnisamehe kwa hili, lakini juisi ya rozela haitamtoa mtu kwenye 4. Ni nzuri, nami naiweka barafu naikunywa. Ila pengo kama lile linajazwa kwa damu, kisha kwa vidonge vya madini ya chuma miezi kadhaa. Na vidonge hivyo msivishushie kwa chai ya rangi, chai inaizuia chuma isiingie mwilini. Shushieni kwa maji, au kwa chungwa.

La pili ndilo lililonishangaza zaidi niliposoma, na ndilo nitakalolikalia. Damu kuganda mahali isipotakiwa. Utasema, mtu anayetokwa na damu nyingi hivi, itamgandaje? Ndivyo nilivyofikiri na mimi. Lakini zipo taarifa za kitabibu, nyingi zikitoka Japani, China na Korea Kusini, za wanawake wenye adenomayosisi waliopigwa na kiharusi wakiwa mwezini. Si wazee. Hawana presha wala kisukari, moyo ukipimwa hauna kitu. Kinachokutwa ni kizazi kikubwa kilichoumuka, damu pungufu, na kipimo cha mabaki ya damu iliyoganda kikiwa juu. Kingine kilichokuwa juu ni CA-125, protini ambayo kawaida inatakiwa iwe chini ya 35 na kwa baadhi yao ikakutwa kwenye mamia.

Inakuwaje? Ule utando una kichocheo chenye nguvu cha kugandisha damu; ni silaha yake ya kuzuia hedhi isikuue kila mwezi. Ukiwa mahali pake, silaha inafanya kazi pale. Ukiwa umezama ndani ya nyama, unavuja na kujeruhi kila mwezi, basi vichocheo hivyo vinaingia kwenye mzunguko wa damu ya mwili mzima. Protini kama CA-125 nazo zinashukiwa kuifanya damu iwe nzito. Ongeza ukosefu wa chuma, ambao peke yake unajulikana kuongeza uwezekano wa damu kuganda. Halafu sisi madaktari tunakuja na dawa zetu: vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, au dawa ya kukata damu. Ni dawa nzuri, nazitumia. Ila kwa mwanamke ambaye ameshawahi kuganda damu mguuni, au mwenye kipandauso kinachoanza na vimulimuli machoni, estrojeni haitakiwi. Mkiandikiwa, semeni historia zenu hata kama hamkuulizwa.

Sasa fikirieni bwenini. Binti yuko siku ya pili ya hedhi. Ghafla mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno hayatoki. Nani hapa angesema kiharusi? Tuseme ukweli. Tungesema upepo. Tungesema kuna mtu wa kwao amemfanyia kitu, aitwe mzee asome. Sikatazi dua, dua isomwe garini. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwenye ubongo, pale inapopatikana, ina dirisha la saa nne na nusu tangu dalili ya kwanza, na picha ya kichwa lazima itangulie. Kwa hiyo anayejua saa ngapi ilianza aandike saa, hata kwenye kiganja. Kuna pia wanaoganda kwenye mshipa wa mguu: mguu mmoja unavimba na kuuma nyuma ya goti au kwenye kigimbi, halafu bonge likapanda mapafuni. Huyo anakata pumzi ghafla na kifua kinamchoma akivuta hewa. Akiwa mwezini watu watasema ni kwa sababu ya maumivu ya tumbo. Mguu utazameni.

Nadra kuliko hiyo ni pale mfumo mzima wa kugandisha damu unapochanganyikiwa. Mwili unaganda kila mahali kwenye mishipa midogo, unamaliza vifaa vyote vya kugandishia, halafu unaanza kuvuja kila mahali: fizi, pua, alama ya sindano. Mwaka 2010 madaktari wa Korea Kusini waliandika kuhusu mwanamke mwenye adenomayosisi ambaye hilo lilimtokea kwenye hedhi na figo zikaumia. Ni kisa kimoja kati ya vichache sana duniani, nawaambia ili mjue tu kwamba mkojo ukipungua sana na damu ikitoka fizini wakati wa hedhi, hilo si jambo la kungojea Jumatatu.

Maambukizi nitayapita haraka. Usaha unaweza kujikusanya ndani ya ile nyama yenye vitundu, hasa baada ya kusafishwa kizazi hospitalini au taratibu za kupandikiza mimba. Homa kali, tumbo gumu. Nawaomba tu, hivi vipakiti vinavyouzwa mitandaoni vya "kusafisha kizazi" vya kuweka ukeni, viacheni huko mitandaoni. Kizazi hakioshwi. Na saratani ndani ya adenomayosisi ipo lakini ni adimu mno kwa umri wenu. Asiwauzie mtu hofu hiyo.

Kuna aina moja ambayo ni ya wasichana hasa. Badala ya vitundu vilivyotapakaa, inakuwa chumba kimoja, kifuko cha damu nzito cha sentimita moja au zaidi, ndani ya ukuta, mara nyingi upande mmoja karibu na pembe ya kizazi. Watabibu wa Japani mwaka 2010 walipendekeza vigezo vya kuitambua, na kimojawapo ni umri: miaka 30 kurudi chini. Huyu binti maumivu yake yanaanza mapema baada ya kuvunja ungo, yako upande mmoja, yanazidi mwaka hadi mwaka, na dawa za kawaida hazimshiki. Shule wanamwita mdekaji. Utrasaundi ya haraka inaweza kusema ni faibroidi ndogo, au kizazi chenye umbo lisilo la kawaida. Hapa ndipo ninapofurahi kidogo, kwa sababu hii ina mpaka. Inatolewa, wengi wakifanyiwa kwa matundu madogo ya tumboni, na maumivu yanaondoka. Nimemwona mama mzazi akilia kwa hasira siku hiyo, si kwa furaha. Alikuwa amemchapa mwanawe miaka miwili kwa kukataa kwenda shule.

Najua kuna swali linalowawasha na hakuna atakayeliuliza mbele ya matroni, basi nalijibu. Utrasaundi inayoona vizuri zaidi ni ile ya kupitia ukeni. Binti ambaye hajaolewa na hajaguswa hapaswi kufanyiwa hiyo, na hakuna mtu wa kumlazimisha. Anapimwa kwa juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa, au kupitia njia ya haja kubwa, ambayo inaona karibu sawa na ile ya ukeni, au anapelekwa MRI pale gharama inaporuhusu. Mwambieni daktari wazi. Akiona haya yeye, shauri yake.

Sasa mimba. Wenye adenomayosisi wanazaa, nimewazalisha mwenyewe. Lakini mimba zao zinahitaji jicho: uwezekano wa kutoka mapema, wa kujifungua kabla ya siku, wa presha ya mimba na wa kutokwa na damu nyingi baada ya mtoto kuzaliwa uko juu kuliko kwa wengine. Kubwa na nadra ni kizazi kupasuka. Inaweza kutokea hata kwa asiyewahi kupasuliwa, ila aghalabu ni yule aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza sehemu yenye ugonjwa. Rudini kwenye chapati. Ukiamua kuitoa samli lazima ukate na unga, na unaposhona unashona unga kwa unga. Kovu lile ni dhaifu kuliko la aliyetolewa faibroidi. Ndiyo sababu Wajapani, akiwamo daktari Hisao Osada, walibuni namna ya kuushona ukuta tabaka juu ya tabaka ili uweze kubeba mimba. Hata hivyo unaweza kupasuka kabla uchungu haujaanza.

Nilimpokea mwanamke wa miaka 27, mimba ya wiki 30, maumivu ya ghafla kama kuchanwa, presha imeanguka. Tumbo lilikuwa limejaa damu. Yeye alipona, mtoto hapana. Alikuwa amefanyiwa upasuaji mahali fulani, sitapataja, akaambiwa "tumetoa uvimbe", akapewa ruhusa bila karatasi. Kliniki ya wajawazito alipoulizwa alisema kweli aliyoijua: nilitolewa uvimbe. Wakampangia kuzaa kwa njia ya kawaida. Hakuna aliyedanganya pale, ila karatasi moja ilikosekana. Ukipasuliwa, usitoke wodini bila maandishi: wamekata nini, kina kiasi gani, na ukibeba mimba uzaeje. Piga picha kwa simu, mtumie na mama.

Matibabu yapo, na kwa umri wenu karibu yote yanaanza na vidonge, si kisu. Dawa za maumivu kama ibuprofeni zinafanya kazi vizuri zaidi zikianza mara damu inapoonekana, baada ya kula, si baada ya kulia usiku kucha. Homoni za projesteroni, kwa kidonge, sindano, au kitanzi chenye homoni, zinautuliza utando wote, wa ndani na ule uliozama. Yule binti wa kanga tatu nilipomwandikia vidonge vya homoni, shangazi alisimama. "Daktari, uzazi wa mpango kwa mtoto hajaolewa?" Nikamwambia, shangazi, panadoli inatuliza kichwa na inashusha homa, ukimpa mwenye kichwa humwambii ana homa. Akakaa. Hakukubali siku ile, alikubali wiki ya pili, alipoona binti amepanda ngazi za hospitali bila kupumzika njiani.

Nimalizie na kuhesabu. Wengi wenu mmepita madrasa, mnajua hedhi na istihadha, ile damu isiyohesabiwa kuwa hedhi, mnajua siku 15 ni ukomo wa hedhi katika fikihi yetu ya Kishafii. Walimu wenu waliwafundisha kuhesabu siku kwa ajili ya swala, nami naomba kwenye daftari lilelile muongeze safu ya pili: pedi. Siku 4 za kubadilisha pedi kila saa ni mbaya kuliko siku 9 za madoadoa. Pedi iliyolowa kabisa ndani ya saa moja au mbili, mabonge makubwa kuliko sarafu ya mia mbili, hedhi inayopita siku 8 mwezi hadi mwezi, kuamka usiku kubadilisha shuka: hayo yapeleke hospitali wiki hiyohiyo, na dai kupimwa wingi wa damu. Mdomo kupinda, mguu mmoja kuvimba, pumzi kukata, damu fizini, homa na tumbo gumu: hayo ni usiku huohuo, mwamsheni matroni. Amesema yuko tayari kuamshwa. Nimemsikia kwa masikio yangu.

Maswali. Ndiyo, wewe mwenye hijabu ya bluu… Ameuliza kwa niaba ya wote, nirudie kwa wale wa nyuma: yule binti wa kanga tatu yuko wapi sasa?

Yuko Korogwe, anauza vitumbua na anasoma cherehani. Tulipoachana damu yake ilikuwa 11.8. Tulikubaliana kila mwezi anitumie ujumbe wenye namba moja tu, idadi ya pedi, hata salamu sitaki. Mwaka mzima amekuwa akituma 6, 7, mara moja 9. Vidonge vilimwishia mwezi uliopita, akaona yuko sawa, akaacha. Juzi ujumbe umeingia niko kwenye daladala nakuja huku kukagua ukumbi: 17. Nimempigia. Anakuja Jumanne.